Mwomba Chumvi

Wahenga walisema mwomba chumvi huombea chungu chake. Aghalabu methali hii hutumiwa kumtetea mwombaji: asionewe, asichekwe, kwani chungu kiko jikoni na watoto wanangoja. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiitafakari kwa upande wake wa pili. Je, chungu kikiwa si cha mwombaji? Mtu akiajiriwa kwa mshahara, akatumwa kwa majirani kuomba chumvi ya chungu cha watu wengine, ataombaje kama mwenye chungu? Swali hilo nilikutana nalo mezani, katika kikao cha bodi ya chuo kidogo cha ufundi hapa Mtoni, siku tulipoketi kutafuta mtu wa kututafutia fedha.

Mtoni hapasifiki kwa vyuo. Msafiri anayepita Barabara ya Kilwa kwenda Mbagala huyasikia majina tu kutoka kwa kondakta: Kwa Azizi Ali, Mtongani. Haoni, nyuma ya maduka ya kandokando, vijana walioishia darasa la saba au kidato cha nne, wala mabinti waliotoka shule kwa sababu ya mimba na sasa wanalea huku wakiuza maandazi. Hao ndio wanafunzi wetu. Tunawafundisha ushonaji, useremala, umeme wa majumbani na upishi. Ada wanayolipa haifiki hata nusu ya gharama, nasi hatuwezi kuipandisha, maana tukiipandisha tutabaki na vyerehani visivyo na mtu wa kuvikalia.

Pengo hilo kwa miaka mingi lilizibwa na marafiki wa ng'ambo, wazee wema waliowahi kuishi nchini na ambao kila mwisho wa mwaka walituma walichonacho. Wazee hao walizeeka zaidi, wengine wakafariki, na watoto wao hawakuijua Mtoni. Hakuna wa kulaumiwa katika hilo. Lakini mishahara ya walimu ilianza kuchelewa wiki mbili, kisha mwezi, na mwalimu wetu wa umeme, kijana hodari kuliko wote, akaaga akaenda kufanya kazi ya mkataba kwa mjenzi.

Yaliyotupata yalikwisha kuwapata wakubwa zaidi yetu. Ndugu msomaji atakumbuka Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden. Nchi hiyo ilivigharamia kwa sehemu kubwa, vikaenea mikoani hadi kupita 50. Msaada huo ulipokoma katika miaka ya 1990, vingi vilidhoofika; mapaa yalivuja na karakana zikakosa vifaa. Kilichobaki hai katika baadhi yao ni urafiki wa walimu wa huku na wa kule, ambao hawakuacha kutembeleana na kuandikiana. Katika urafiki huo lilikua shirika la Karibu Tanzania, ambalo baadaye, pamoja na vyuo hivyo, liliendesha mpango wa Elimu Haina Mwisho wa kuwarudisha darasani wasichana waliokatishwa masomo. Nikiitazama historia hiyo naona jambo moja: fedha zilikwenda na mikataba, na urafiki ukabaki kwa watu waliojuana majina.

Basi tukabandika tangazo la kazi. Tulitaka mtu mwenye ujuzi wa kuchangisha fedha. Barua zikaja nyingi kuliko tulivyotazamia, nasi tukawaita watu watatu kwenye usaili.

Wa kwanza alikuwa kijana mtanashati aliyewahi kufanya kazi katika ofisi za miradi. Alijua kuandika michanganuo kwa Kiingereza kizuri, na alituwekea mezani orodha ya wafadhili na tarehe zao za kupokea maombi. Tulipomuuliza kuhusu mshahara akatabasamu.

"Wazee wangu, msihangaike na mshahara. Nipeni asilimia kumi ya kila nitakacholeta. Nisipoleta, hamnilipi."

Nusu ya bodi ilitikisa kichwa kwa furaha, kwani maneno hayo ni matamu kwa mtu asiye na fedha. Mimi nilipinga, na sababu zangu sikuzibuni. Marekani, ambako kuchangisha ni taaluma kamili, chama cha wachangishaji kilichoanzishwa mwaka 1960 kinawakataza wanachama wake kulipwa kwa asilimia ya michango. Ukiitafakari kanuni hiyo utaiona hekima yake. Anayetoa shilingi elfu kumi anampa mwanafunzi wa Mtoni elfu kumi. Hakukusudia kumpa mpitaji njia elfu moja. Tena mtu wa asilimia hatakwenda kwa fundi cherehani mwenye shilingi elfu tano, wala hatamtembelea mtu mwaka mzima kabla ya kumwomba. Atakimbilia penye kikubwa na cha haraka, na akikikosa atahama. Chuo kitabaki na orodha ya watu waliosumbuliwa mara moja.

Wa pili alikuwa mstaafu wa cheo kikubwa. Alikuja na daftari la namba za simu za wakubwa, akatusomea baadhi ya majina. Nilimheshimu, na sina shaka kwamba simu zake zingepokewa. Tatizo lilijitokeza tulipomwomba atembelee karakana kabla ya usaili kuendelea. Alisema hakuna haja, vyuo vyote anavijua.

Wa tatu alikuwa mama wa makamo wa Mtongani, elimu yake kidato cha nne. Hakuwa na cheti chochote cha kazi tuliyoitangaza. Alikuwa na kapu, na ndani ya kapu madaftari saba. Alikuwa amekuwa mweka hazina wa kamati za harusi, wa chama cha kuzikana cha mtaa wake, na wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Kila daftari lilikuwa na safu nne: jina, ahadi, kilicholipwa, na safu ya nne ambayo sikuielewa mara moja.

"Hii ya mwisho ni nini, mama?"

"Hiyo ni siku niliyorudi kumwambia shughuli ilikwendaje, mzee wangu. Ukichukua cha mtu usirudi kumwambia, siku nyingine atakuona kwa mbali abadili njia."

Yeye ndiye aliyeomba mwenyewe kuiona karakana. Alikaa huko saa nzima, akauliza bei ya uzi, akamuuliza binti mmoja mtoto anamwacha na nani anapokuja darasani.

Ubishi ulikuwa mkali baada ya yeye kutoka. Wapo waliosema kamati ya harusi si chuo, na wasemavyo wana hoja. Kila mkazi wa Dar es Salaam anajua kwamba kamati ya harusi yaweza kukusanya katika miezi mitatu fedha ambazo chuo kama chetu hakizioni kwa mwaka. Lakini mchango wa harusi ni deni linalozunguka: leo kwangu, kesho kwako. Anayetoa anamwona bibi harusi, anakula pilau, na anajua kwamba wa kwake akioa naye atatolewa. Aliyechangia chuo hapewi pilau. Huenda hatamwona kamwe kijana aliyesomeshwa kwa fedha zake. Kwa hiyo, walisema wenzangu, ujuzi wa mama huyu hautavuka kutoka ukumbini kuja darasani.

Nikawakumbusha habari ya jirani yetu wa ng'ambo ya bandari. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru, Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa upande wa Kigamboni, sehemu ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa ndani ya Wilaya yetu ya Temeke. TANU ilikusudia kiwe chuo cha watu wazima ambao nafasi ya shule iliwapita, na kiliiga Chuo cha Ruskin cha Oxford, Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi. Fedha za kukianzisha zilitafutwa kupitia Mfuko wa Elimu wa Tanganyika, na katibu wa mfuko huo alikuwa mwanamke Mwingereza, Joan Wicken. Wengi wanamkumbuka kwa kazi yake ya baadaye, maana alikuwa msaidizi wa Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi, hata akafariki mwaka 2004 jina lake likiwa limeshikamana na lile la Mwalimu. Wachache wanakumbuka kwamba kazi iliyomtangulizia hiyo ilikuwa kutafuta fedha za chuo.

Nililotaka wenzangu walione ni hili. Joan Wicken alikuwa amesoma Ruskin. Alipomwambia mtu wa Uingereza kwamba mtu mzima aliyeachwa na shule anaweza kufundishwa siasa na uchumi akaielewa nchi yake, alikuwa anasimulia kitu alichokiona kwa macho yake. Alikwisha kula katika chungu cha namna ile. Kivukoni kimebadilika mara kadhaa tangu hapo, na kwa sheria ya mwaka 2005 kikawa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere; lakini mtu aliyeombea mwanzo wake alijua anaomba kwa ajili ya nini. Ujuzi wa kuandika barua waweza kufundishwa kwa miezi michache, au kuazimwa kwa mtu mwingine. Huo mwingine huwezi kumfundisha mtu mwenye haraka.

Bodi ikakubali, kwa shingo upande. Tulimpa mama yule mkataba wa miaka mitatu na mshahara sawa na wa mwalimu mwandamizi, bila asilimia. Mwalimu wetu wa Kiingereza akapewa posho ya kumwandikia michanganuo. Mweka hazina wa chuo akaagizwa kumfungulia hesabu zote, kwani hakuna aibu kubwa kwa mwombaji kama kuulizwa fedha za mwaka jana zilifanya nini akakosa jibu.

Mwaka wa kwanza alileta kidogo, karibu sawa na tulichomlipa. Wajumbe wawili walitaka mkataba uvunjwe. Lakini mimi nilikuwa nikilitazama daftari lake, na daftari lilikuwa linanenepa. Alikuwa ameanza na watu ambao sisi, kwa miaka yote, hatukuwahi kuwahesabu: waliosoma kwetu. Aliwafuata Keko kwenye mabanda ya samani, Tandika sokoni, Mbagala Rangi Tatu kwenye vibanda vya ushonaji. Hakuna aliyewahi kuwauliza habari zao tangu walipomaliza. Mmoja alitoa elfu tano, mwingine elfu kumi, mwingine pasi ya mkaa aliyokuwa haitumii. Kila mmoja alipewa stakabadhi, na kila mmoja aliona mama yule akirudi baada ya mwezi bila kuomba kitu, kumwambia tu kwamba kile alichotoa kilinunua mkasi, na mkasi uko kwa binti fulani. Kumbe ndivyo safu ya nne inavyovuka kutoka ukumbini kuja darasani. Asiyeweza kupewa pilau hupewa habari.

Nimesoma baadaye kwamba hata Marekani vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili vinavyowapokea wafanyakazi na watoto wa maskini, hulia kilio hiki. Wachangishaji hodari huvutwa na vyuo vikuu vyenye mishahara minono na wahitimu matajiri. Mwaka 2021 mwanamke tajiri, MacKenzie Scott, alikipa Chuo cha Valencia cha Orlando, Florida, dola milioni 40 bila masharti, na wengi wakastaajabu kwamba chuo cha aina hiyo kimekumbukwa. Bahati ya namna hiyo huwezi kuipangia bajeti.

Hata harambee ina mipaka yake. Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wananchi walichangishana kwa moyo mkubwa kujenga vyuo vya ufundi, kama kile cha Kimathi huko Nyeri na kile cha Magharibi huko Kakamega. Mbegu hizo leo ni vyuo vikuu: cha Kakamega kilipata hadhi hiyo mwaka 2007 kwa jina la Masinde Muliro, na cha Nyeri mwaka 2012 kwa jina la Dedan Kimathi. Lakini vilifika huko baada ya serikali kuvibeba. Sherehe ya siku moja huinua ukuta. Mshahara wa mwalimu, unaodaiwa kila mwisho wa mwezi, unahitaji mtu wa kuwakumbuka watoaji mwezi baada ya mwezi, na mtu huyo naye anahitaji kula.

Mwaka wa pili ulituletea mtihani ambao sikuutarajia. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa tayari kutupa fedha za kutosha mishahara yote kwa miaka miwili. Sharti lilikuwa dogo kwa maneno: tupokee waliofaulu kidato cha nne tu, na chumba ambamo mabinti huwaacha watoto wao wakati wa masomo kigeuzwe kuwa ofisi, kwa kuwa hakipendezi mbele ya wageni. Wakati huo walimu walikuwa wanatudai mishahara ya miezi miwili. Mpishi wa chuo alikuwa anadaiwa kodi ya nyumba.

Mama yule angeweza kunyamaza. Fedha ile ingekuwa ushindi wake, na waliotaka kumwondoa wangefunga midomo. Aliileta barua mbele ya bodi, akaisoma yote, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Wazee wangu, hawa wanatupa chumvi, lakini wanataka tubadilishe chungu. Mkiniagiza nitakwenda kupokea. Ila mjue kwamba wale wa Keko na Tandika nitashindwa kurudi kwao. Nitawaambia nini?"

Tulibishana hadi magharibi. Wajumbe waliotaka kupokea hawakuwa watu wabaya. Waliwafikiria walimu, na mwalimu naye ana watoto. Nilipiga kura ya kukataa huku nikijua kwamba kesho yake nitakutana na mpishi getini. Tulikataa kwa tofauti ya kura moja. Tuliwaita walimu tukawaeleza wazi, na wawili wakaondoka. Hadi leo siwezi kusema kwamba waliondoka kwa makosa.

Deni la mishahara lilichukua miezi minane kulipwa. Lililipwa kwa vipande: fundi umeme mmoja aliyesoma kwetu, ambaye sasa ana wafanyakazi wake, alichukua jukumu la nusu ya mshahara wa mwalimu wa umeme, kikundi cha akina mama kikaleta oda ya sare, mchanganuo mmoja kati ya mitano iliyoandikwa ukajibiwa. Chuo hakikutajirika. Kilibaki kile kile, na chumba cha watoto kikabaki na mikeka yake.

Mkataba ulipokaribia kwisha, shirika moja la kule Msasani lilimwita mama yetu kwa mshahara mara tatu ya wetu. Walikuwa wameyasikia madaftari yake. Alituambia mwenyewe, bila kujificha. Tukamwongezea tulichoweza, ambacho hakikuwa kingi, naye akakubali kukaa mwaka mmoja zaidi ili amfundishe mrithi. Sikumlaumu. Tunapenda kusema kazi ya kuwahudumia maskini ni wito, na mara nyingi tunasema hivyo tunapotaka kumlipa mtu kidogo. Mtu anayewezesha walimu kulipwa hastahili kuwa wa mwisho kulipwa, na chuo kinachomtaka mtu huyo lazima kimtengee fungu lake kama kinavyotenga fedha za mbao na nyuzi.

Mrithi aliyemchagua ni binti aliyesoma ushonaji kwetu, ambaye mtoto wake alilelewa katika chumba kile. Anajifunza Kiingereza jioni na hesabu siku ya Jumamosi. Bado anaona haya kumwomba mtu mkubwa, na mama yule anamwacha aone haya, anasema itamzuia asizoee.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hilo tumelijua siku zote kwa upande wa mtoaji. Kwa upande wa mwombaji, mambo tuliyokubaliana yameandikwa katika kumbukumbu za bodi, nami nayanakili hapa kwa faida ya vyuo vingine vidogo. Mtu huyo alipwe mshahara wala asilipwe asilimia. Apewe miaka mitatu kabla ya kuhukumiwa. Afunguliwe vitabu vyote vya hesabu. Awe na ruhusa ya kurudi kwa bodi na fedha asizozipokea. Na kabla ya kuulizwa lolote kuhusu vyeti vyake, apelekwe karakana, aachwe huko saa nzima, kisha aulizwe ameona nini.